Postikadi ya Meli ya Abiria: Mwongozo Kamili wa Kujua Picha Ilipigwa Lini

Swali linalonifikia karibu kila wiki ni lile lile. Mtu amefungua sanduku la marehemu bibi, amekuta postikadi ya meli iliyojaa abiria, ameigeuza, ameona muhuri wa posta wa 1911, basi ameandika "Zanzibar, 1911" na kuisambaza kwa ukoo mzima. Kabla ya magharibi anatokea mwenye macho makali na kumwambia kwamba picha ile huenda ni ya miaka kumi nyuma.

Muhuri ameusoma sawasawa. Alipoteleza ni kudhani postikadi ina tarehe moja. Inazo tatu: siku picha ilipopigwa, mwaka kadi ilipochapwa, na siku ilipotiwa posta. Mwenye duka aliuza akiba yake mpaka iishe, na mpiga picha alichapa upya kutoka negativu ile ile ya zamani ya kioo kila oda ilipokuja. Kwa hiyo tarehe hizo tatu zinaweza kuachana kwa miaka mingi.

Hatua zinazofuata zinazitenga moja moja. Mifano ni ya pwani yetu na maziwa makuu, kwa kuwa ndizo kadi ninazoletewa.

## Vitu vya kuandaa

- Lenzi ya kukuzia, ya mara 10. Ile ya fundi saa inatosha kabisa.
- Rula yenye milimita.
- Tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti madukani.
- Skana, au simu yenye kamera nzuri na dirisha lenye mwanga wa kutosha usio wa jua kali.
- Penseli laini ya 2B na daftari. Kalamu ya wino iache chumba kingine.
- Bahasha za plastiki ya polipropilini. Plastiki laini yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni usiinunue. Huvuja kemikali na kunata kwenye picha.
- Mikono iliyooshwa na kukauka.

Na tafadhali, usikimbilie stationari kuipiga laminesheni. Kadi iliyopigwa laminesheni haipimiki, haionyeshi karatasi yake, na haitoki tena humo.

## Hatua ya 1: Nakili pande zote mbili kabla ya kufanya lolote

Piga skani ya mbele na ya nyuma kwa doti 600 kwa inchi. Ukitumia simu, ilaze kadi juu ya karatasi nyeusi, simama sambamba nayo, usiwashe flashi.

Kazi nyingi itafanyika kwenye nakala: kukuza jina la meli, kusoma maandishi ya penseli yaliyofifia, kulinganisha na kadi nyingine. Kila unavyoishika kadi yenyewe kidogo ndivyo itakavyodumu.

Nakala nzuri utaijua ukiikuza: kamba za mlingotini zinaonekana moja moja, si ukungu. Ikiwa ni ukungu, rudia sasa hivi. Hatua ya 6 haiwezekani bila nakala kali.

## Hatua ya 2: Ichunguze karatasi

Pima kwanza. Kadi za zamani nyingi zina takriban sentimita 9 kwa 14. Zikikaribia 10 kwa 15, aghalabu ni za nusu ya pili ya karne ya 20.

Kisha weka lenzi juu ya anga, mahali pasipo na kitu. Ukiona vidoti vilivyopangwa kwa mistari, kadi imetoka kwenye mashine ya uchapaji. Ukiona rangi inateleza kutoka nyeusi kwenda kijivu bila kidoti chochote, huenda ni picha halisi iliyosafishwa juu ya karatasi ya picha. Hizi mara nyingi zina maelezo ya mkono kwa herufi nyeupe pembeni, yaliyoandikwa kwenye negativu. Picha halisi ya zamani hutoa pia mng'ao wa fedha kwenye sehemu zake nyeusi ukiinamisha kadi kwenye mwanga.

Sasa zima taa uwashe tochi ya zambarau. Karatasi za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa kuanzia miaka ya 1950, nyingi zilitiwa dawa ya kuzing'arisha, nazo huwaka bluu kali. Kadi inayodai kuwa ya 1905 halafu inawaka kama shati la sherehe ni nakala mpya.

Hili nililijifunza kwa pesa yangu. Nilinunua kadi ya bandari ya Unguja, kingo zimepauka, imejikunja pembe moja kama inavyotakiwa, na muuzaji aliapa kwa jina la babu yake. Usiku nyumbani tochi ikaniumbua. Ilikuwa imechovywa chai.

Angalizo: kipimo hiki kinafanya kazi upande mmoja tu. Kadi inayowaka si ya 1905. Kadi isiyowaka bado hujathibitisha kitu, endelea na hatua zinazofuata.

## Hatua ya 3: Isome nyuma, kuanzia mstari wa katikati

Hapa ndipo tarehe ya kuchapwa inapojificha, na watu wanapita tu kwa sababu macho yamekwenda kwenye stempu.

Zamani posta hazikuruhusu chochote nyuma isipokuwa anwani. Mwenye salamu aliziandika mbele, kwenye ukingo mweupe kando ya picha, ndiyo maana unaona kadi zenye maneno yamebanana chini ya meli. Baadaye nyuma ikagawanywa kwa mstari, kushoto salamu, kulia anwani. Uingereza iliruhusu 1902, Ufaransa mwishoni mwa 1903, Ujerumani 1905, Marekani 1907.

Kwa hiyo:

- Hakuna mstari wa katikati: chapa ni ya miaka ya mwanzo kabisa.
- Mstari upo na maandishi ni ya Kiingereza: si kabla ya 1902.
- Mstari upo na maandishi ni ya Kijerumani: weka 1905 kuwa mwanzo wako.

Soma pia jina la mchapishaji. Unguja utakutana na A. C. Gomes, Pereira de Lord na ndugu wa Coutinho, wote wapiga picha wenye asili ya Goa. Dar es Salaam ya Wajerumani utamkuta C. Vincenti na Walther Dobbertin. Jina kama hilo linakuambia duka lilikuwa mji gani. Picha inaweza kuwa ya mji mwingine, kwa hiyo usiliandike jina la duka mahali pa jina la bandari.

Kadi yenye chapa ya East African Railways and Harbours ni zawadi. Shirika hilo lilianza 1948, na 1969 likagawanywa, reli upande wake na bandari upande wake. Kadi haitoki nje ya miaka hiyo, labda kwa akiba iliyobaki kabatini.

Ukimaliza hatua hii uwe umeandika mstari mmoja daftarini: "Imechapwa si kabla ya mwaka fulani." Ukijikuta umeandika mwaka mmoja kamili, umekimbia.

## Hatua ya 4: Stempu, na pesa iliyoandikwa juu yake

Usiibandue stempu. Ikibanduka inaondoka na nusu ya muhuri, na muhuri usio na stempu yake ni kama hirizi iliyofunguliwa.

Huna haja ya kuwa bingwa wa stempu. Angalia aina ya pesa tu:

- Afrika ya Mashariki ya Wajerumani: pesa na rupia mpaka 1905, kisha heller, yaani senti za rupia ya Wajerumani.
- Kenya na Uganda ya Waingereza: anna (sehemu ndogo ya rupia) na rupia kwanza, senti za rupia kuanzia 1907, shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920.
- Zanzibar: anna, kisha senti za rupia kuanzia 1908, shilingi kuanzia 1936.
- Tanganyika: chapa ya G.E.A. (German East Africa) juu ya stempu za jirani baada ya Waingereza kuingia, kisha kichwa cha twiga kuanzia 1922.
- Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye stempu moja: 1935 na kuendelea.

Mtego mmoja unanasa wengi. Stempu za Wajerumani za kuanzia 1901 zina picha ya meli. Nimeletewa kadi zaidi ya moja mtu akisema, "Meli ni hii hii, tazama ipo hata kwenye stempu." Ile ni Hohenzollern, jahazi la anasa la Kaisari. Ilichapwa kwenye stempu za makoloni yote ya Ujerumani na haihusiani na chombo kilichobeba abiria wako.

## Hatua ya 5: Muhuri wa posta

Muhuri unakupa tarehe ya tatu, ya kutiwa posta, basi. Kazi yake ni kuweka dari: picha haiwezi kuwa ya baada ya siku hiyo.

Kama neno PAQUEBOT limegongwa, barua ilitiwa posta melini. Abiria aliandika salamu sitahani, akabandika stempu ya nchi ya bendera ya meli, na kadi ikagongwa muhuri bandari ya kwanza iliyofikiwa. Ndiyo maana unaweza kuona stempu ya Uingereza na muhuri wa Mombasa au Aden. Mara nyingi mtu huona hivyo akaitupa akidhani ni bandia, kumbe ndiyo kadi bora kuliko zote alizonazo: imesafiri kwenye chombo, pengine kile kile kilicho mbele yake. Meli za Kijerumani za njia yetu zilikuwa na posta yao ndani, na muhuri wake husomeka DEUTSCHE SEEPOST OST-AFRIKA-LINIE.

Tarakimu zikiwa hazisomeki, skani tena kadi ikiwa imelazwa pembeni ya mwanga wa dirisha. Usipake mafuta, usisugue kwa kifutio, usijaribu chochote ulichokiona mtandaoni chenye limau ndani.

## Hatua ya 6: Meli yenyewe

Sasa geuza kadi. Tumia nakala ya hatua ya 1, ukuze omo na shetri, yaani mbele na nyuma ya meli, ndiko jina lilikopakwa.

Jina likisomeka, usifurahi mapema. Kuna mitego miwili, na kila mmoja una dawa yake.

Jina moja, meli mbili. Kampuni ya meli ya British India walikuwa na Karanja iliyojengwa 1931, ikazama vitani 1942. Wakajenga Karanja nyingine 1948, ikarudi njia ile ile ya Bombay na pwani yetu. Kadi yenye neno "Karanja" peke yake haijakuambia ni ipi. Rudi kwenye karatasi na stempu: yenye muhuri wa 1936 haiwezi kuwa ya pili.

Meli moja, majina mawili. Mfano tunaoujua wote ni MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, kwa jina la Graf von Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa hiyo kadi yenye jina Liemba si ya kabla ya 1927, hata aliyekuuzia aseme ni ya "enzi za Mjerumani".

Liemba inakufundisha pia kusoma herufi mbili za mbele. SS ni meli ya mvuke, MV ni ya injini ya dizeli. Liemba ilibadilishwa kutoka mvuke kwenda dizeli miaka ya 1970, basi "SS Liemba" kwenye kadi inakurudisha nyuma ya hapo. Ziwa Victoria nako kuna RMS Victoria, iliyoanza kazi 1961 na ambayo sisi tumeizoea kwa MV. Hiyo R ni ya "Royal", ya enzi ya malkia wa Waingereza, na kadi yenye herufi hizo ni ya mwanzo wa maisha ya meli hiyo.

Jina lisiposomeka, hesabu: dohani (mabomba ya moshi) ngapi, milingoti mingapi, mashua za kuokolea ngapi upande unaoonekana, madirisha ya duara safu ngapi. Andika hesabu hiyo kisha linganisha na picha zenye uhakika. Ziwa Victoria uwe mwangalifu maradufu, kwani Usoga na Rusinga zilikuwa pacha na kwa mbali huwezi kuzitenganisha.

Onyo kuhusu rangi. Kwenye kadi za kabla ya 1914 rangi iliongezwa kiwandani, mara nyingi Ulaya, na mtu ambaye bahari ya Unguja hajaiona hata kwenye ndoto. Dohani nyekundu haithibitishi lolote. Nimewahi kuona meli moja, picha moja, kadi mbili, dohani ya manjano huku na nyeusi kule. Kwenye picha za rangi halisi za miaka ya 1950 mambo ni tofauti: dohani nyeusi yenye mistari miwili myeupe ni British India, ubavu wa zambarau hafifu na dohani nyekundu yenye kilele cheusi ni kampuni ya Union-Castle.

## Hatua ya 7: Kilicho nyuma ya meli

Binafsi hatua hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayompa mipaka yule wa "Zanzibar, 1911".

Meli huhama, mji haujifichi. Kwa Unguja, tazama maji kabla ya kutazama majumba. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipoupiga mizinga mji, walizamisha Glasgow, meli ya Sultani, palepale bandarini. Ilikaa chini huku milingoti yake mitatu ikichomoza juu ya maji, mpaka mabaki yalipoondolewa 1912. Ukiona milingoti mitatu inayosimama majini bila meli chini yake, umepata sakafu na dari kwa mara moja: baada ya Agosti 1896, kabla ya kusafishwa 1912.

Kisha Beit al-Ajaib, jumba la Sultani linalotazama bandari. Kabla ya mizinga hiyo mnara ulikuwa peke yake mbele ya jumba. Mnara wa saa ulioungana na uso wa jumba ni wa matengenezo ya baadaye, 1897, na ulisimama hapo mpaka ulipoanguka Desemba 2020.

Dar es Salaam, tafuta minara ya makanisa: la Kilutheri la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Ukiona hoteli ya Kilimanjaro, jengo jeupe la mraba, umeshaingia 1965 au baadaye.

Kadi za vivuko zina faida yake. Feri ya Likoni imevusha watu tangu 1937, na vyombo vyake vinafanana mpaka vinachosha, lakini juu yake kuna magari. Kuza namba. Ya Kenya ikiishia na herufi, mfano wa KAA 001A, ni ya 1989 au baada yake. Mitindo ya magari nayo inasema: hakuna gari lililovuka kabla halijaundwa.

Majina ya miji kwenye maelezo ya picha husaidia vilevile. Port Florence ni Kisumu ya mwanzo wa reli. Bismarckburg ni Kasanga ya Wajerumani. Usumbura ni Bujumbura kabla ya uhuru wa 1962. Albertville ni Kalemie ya enzi za Wabelgiji na miaka michache baada yao. Ila kumbuka mwenye duka na akiba yake. Jina la zamani linaweza kuuzwa muda mrefu baada ya mji kubatizwa upya.

## Hatua ya 8: Peleka kadi kwa aliyepanda

Hii haiwezekani kwa meli za Wajerumani. Kwa zile za 1950 mpaka 1990 inawezekana, na kila mwaka inazidi kuwa ngumu.

Nenda na nakala kubwa iliyochapwa, ukubwa wa A4, si simu. Mzee wa miaka themanini hataki kubana na kupanua kioo. Amkia, kaa, kunywa chai, kisha mpe picha bila kusema meli ni ipi. Ukimtajia jina atakubali kwa adabu tu.

Niliwahi kumpelekea baharia mstaafu picha niliyokuwa nimeandika "Mwanza". Aliitazama, akaiweka magotini, akasema, "Mwanza yenye maji wazi hivi umeiona wapi, mjukuu wangu? Hicho nyuma ni kisiwa cha Musira. Hapo ni Bukoba." Meli yenyewe hakuikumbuka. Alikumbuka ndizi zilizorundikwa sitahani, na kwamba abiria wa daraja la tatu walizigeuza mito. Hayo yote niliyaandika nyuma ya nakala, na tarehe ya mazungumzo yetu.

Kanda ya ziwa uliza kwa upole. Tangu MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996, picha ya meli kwa familia nyingi si pambo. Mtu akinyamaza, mwache anyamaze.

## Hatua ya 9: Andika hukumu yako kwa mipaka

Chukua daftari uandike tarehe tatu mbali mbali, kila moja na ushahidi wake. Tuseme kadi yetu ya mwanzo imepita hatua zote. Itakaa hivi:

*Zanzibar, bandarini. Picha: kati ya 1897 na 1911 (mnara wa saa umeungana na Beit al-Ajaib, milingoti ya Glasgow bado ipo majini, muhuri ndio dari). Kadi: mstari wa kati, Kiingereza, si kabla ya 1902. Posta: 1911, stempu ya senti. Meli: dohani moja, milingoti miwili, jina halisomeki.*

Neno "halisomeki" lina thamani kuliko jina la kubuni. Anayekuja baada yako ataanzia hapo, badala ya kupoteza mwezi akifuata meli uliyoikisia.

Jaribio la mwisho: mpe mtu mwingine daftari na kadi bila maelezo. Akiweza kunyoosha kidole kwenye kila ushahidi uliouandika, umemaliza. Akiuliza "hii umeitoa wapi?", mstari huo ufute.

## Hatua ya 10: Ihifadhi

Kadi iingie kwenye bahasha yake ya polipropilini, moja moja, zisilale uso kwa uso. Zisimamishe kwenye boksi gumu kama faili. Namba ya kadi iandike kwa penseli nyepesi nyuma, kwenye kona isiyo na maandishi, au juu ya bahasha kabla hujaiingiza ndani.

Adui wa pwani ni unyevu na wadudu wa karatasi. Boksi likae juu ya kabati la ukuta wa ndani, lisiguse ukuta unaopigwa na mvua, lisikae sakafuni, wala jikoni. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, lifungue siku kavu, kagua kila bahasha, na kadi yenye madoa ya kuvu itenge peke yake kabla haijaambukiza nyingine.

Iliyochanika usiitie selotepu. Iweke vipande vyote kwenye bahasha moja, na skani ya vipande hivyo vikiwa vimepangwa.